Vidonge Viwili vya Mama

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumapili asubuhi

Mpendwa mdogo wangu Kasuku,

Kwanza nijulishe hali yako. Kile kikohozi kimekuachia? Shemeji hajambo? Na wanangu wale wawili, wameacha kugombania kiti cha dirishani, au wameturithi sisi? Huku tu wazima, na safari hii neno hilo silisemi kwa mazoea. Majuzi lilikaribia kutuponyoka.

Nakuandikia kwenye ile meza yenye mguu uliofungwa waya, na akili imekwenda mbali. Unalikumbuka pazia la sebuleni? Baba alitaka bluu, Mama Mkubwa akasema kijani ndiyo heshima ya nyumba. Mama akashona upande huu bluu, upande ule kijani, na wageni wakawa wanatuuliza ni bendera ya nchi gani. Tulicheka sana enzi zile. Hatukujua kwamba tabia ya kutomkatalia mtu ingeweza kumlaza Mama sakafuni.

Unajua moyo wake ulivyokuwa ukikurupuka. Ametulia zake anakunja nguo, mara unaanza kutimka kama umefukuzwa na mbwa. Daktari wa moyo akampa verapamili. Niliisoma dawa hiyo mpaka nikaielewa, wanijua. Chembe za moyo zina vilango vya kupitishia kalsiamu, na ikipita ndipo moyo hupata amri ya kupiga. Dawa huvibana vilango hivyo, hasa katikati, pale ambapo amri hushuka kutoka vyumba vya juu kwenda vya chini. Mbio zikapungua. Mama akarudi kulala usingizi wa kitoto.

Lakini Mama Mkubwa alisikia neno kalsiamu akachachamaa. Wajane hawa wawili, tangu waanze kuishi pamoja, wanavaa hata miwani moja kwa zamu. Basi itakuwaje mmoja awe na dawa ya peke yake?

“Mifupa yetu ndiyo hii inalia tukiinuka,” akamwambia Mama, “halafu unameza kitu cha kuzuia kalsiamu? Wanataka uje ukunjwe kama mkeka?”

Nikamweleza kwamba ya mifupani haiguswi.

“Wewe mwanangu gombana na serikali,” akanijibu. “Mifupa niachie mimi.”

Akamtolea mdogo wake vidonge vyake mwenyewe vya presha, vilivyomfaa miaka yote, ameze hivyo badala ya vya daktari. Mama angefanyaje? Kumkaidi daktari ni utovu wa adabu, na kumkatalia dada aliyekubeba mgongoni ni laana. Akawa anameza cha daktari na cha dada, kila mtu akaridhika.

Kumbe na vile vya presha hupunguza mapigo ya moyo. Nilimkuta jikoni amelala chali, midomo imepauka. Nikashika mshipa wa mkono nikasubiri pigo, nikasubiri tena. Mimi ninayenyamazisha kumbi za watu kwa hotuba nilikosa hata sauti ya kumwita jirani. Mama Mkubwa ndiye aliyepiga yowe, na yule jirani yetu fundi bomba akatukimbiza hospitali kwa gari lake, tumekaa juu ya mabomba.

Walimchoma sindano, wakamfunga nyaya kifuani, moyo ukarudi polepole. Kuulizwa kama anatumia dawa nyingine, Mama akajibu hatumii, kwa kuwa zile ni za dada; ikabidi nimtajie mimi vidonge vya Mama Mkubwa. Mimi nilikuwa nimeshanoa ulimi. Nikamwambia daktari yote niyaaminiyo juu ya wanaouza dawa na karatasi zao zenye herufi ndogo kuliko mayai ya chawa, na siondoi hata neno moja. Aliniacha nimalize.

“Kaka,” akasema, “kwa herufi tuko pamoja. Lakini dawa hii inamfaa mama. Kilichomwangusha ni kuzichanganya. Ameze hii tu.”

Tukadhani yamekwisha. Kufika nyumbani tukakuta Mama Mkubwa amefungasha nguo zake na kuhamia kwa binti yake. Aliacha neno kwa fundi bomba kwamba hawezi kuishi nyumba moja na mdogo wake baada ya kukaribia kumuua. Mama aliposikia, akakifunga kidonge ndani ya kitambaa akasema hamezi kitu mpaka dada arudi. Kesho yake moyo ukaanza tena kutimka, jasho linamtiririka, naye kafumba mdomo. Mtu aliyekubali kila jambo maisha yake yote, siku hiyo ndiyo akagoma.

Nikaenda kwa Mama Mkubwa na hotuba kichwani. Alifungua mlango, macho mekundu.

“Umekuja kunisuta?”

“Mama Mkubwa, mdogo wako anakusubiri. Hamezi.”

Alichukua mfuko wake, ambao hata hakuwa ameufungua.

Alimpa Mama kidonge kwa mkono wake, na kufikia jioni moyo ulikuwa umetulia. Asubuhi iliyofuata Mama Mkubwa, aliyezaliwa hivyo na hatabadilika, akaja na kikombe cha majani aliyoyachemsha, eti ya kusindikizia dawa. Nikafungua kinywa nipigane. Mama akanitangulia.

“La, dada,” akasema kwa upole. “Hiki kimoja kinatosha.”

Mama Mkubwa alisimama na kikombe chake, asijue akiweke wapi. Halafu akayanywa mwenyewe, akakunja uso, akakaa karibu na mdogo wake. Nilifurahi, Kasuku, nikatoka uani ili wasione machozi yangu. Lakini yule mama yetu wa ndiyo kwa kila mtu ndiye aliyetulea, na saa ileile nilianza kumkosa.

Mpigie simu Mama Mkubwa kabla ya Mama. Bado anajilaumu, na wewe humchekesha. Nisalimie shemeji na wanangu, na shangazi huko aliko. Mungu awape mioyo isiyo na haraka.

Wako akupendaye, hata tukibishana,

Kaka yako