Kereng'ende Juu ya Jani la Boga

4 Machi

Shangazi, shikamoo.

Natumai mgongo umepoa na mbwa ameacha kukuibia mayai. Mimi mzima.

Picha nimeipata. Ni kereng'ende wa wale wembamba, wanaokunja mabawa wakitua. Mwili mweusi, ncha ya mkia rangi ya chungwa, mabawa ya rangi ya moshi: ni yule adimu. Akithibitishwa kijitoni kwako, machimbo ya kokoto hayatapita hapo.

Ila huyu hukaa kivulini, juu ya jiwe lililolowa, penye maji yanayokwenda mbio. Wako amekaa juani, kwenye jani la boga, kama mgeni anayesubiri chai. Ulimpigia wapi picha?

Mwanao

9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo bado, mbwa bado. Asante kwa kuviuliza kabla ya kunihoji kama askari.

Nimempiga kwangu. Boga langu, jani langu. Labda alichoka, wewe huchoki? Na jirani amekuona ndani ya gari la machimbo. Wamekununulia na viatu?

Shangazi yako

14 Machi

Shangazi, shikamoo.

Pole na mgongo. Gari la kampuni hubeba wapimaji wote wa wadudu. Viatu ni vilevile ulivyovicheka harusini.

Nimeikuza picha. Kwenye jani kuna alama ya duara, ya mdomo wa chupa. Ulimtoa wapi? Nikiipeleka hii, watasema shangazi na mwanawe wamepika ushahidi, na kijito kitafukiwa.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Nilinyamaza kwa hasira.

Nilimtoa korongoni, ng'ambo ya kilima, nikambeba kwenye chupa ya asali. Kwangu nimewaona miaka yote, chini ya daraja la magogo. Nilipoazima kamera hawakutokea, na watu wa machimbo walishapiga vigingi hadi kwenye maboga. Nikasema mdudu ni mdudu.

Jana nimekuta magamba matupu kwenye mawe chini ya daraja, yale wanayoyavua wakitoka majini kuota mabawa, yamepasuka mgongoni. Sijayagusa. Njoo.

Shangazi yako

8 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Aliyebeba mdudu anaweza kubeba na gamba. Nitakuja, ila siku sitaitaja. Usilisogelee daraja.

Mwanao

20 Aprili

Mwanangu,

Sikuulizi hali, nyayo zako zimeniambia u mzima. Mbwa alibweka alfajiri, nikazikuta matopeni hadi darajani, na pembeni nyayo za mtu mwingine. Umepita mlangoni kwangu bila hodi. Magamba hayapo, hata moja. Umempelekea nani?

Shangazi yako

29 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Mgongo unaendeleaje?

Nisingeweza kunywa chai yako kwanza kisha niandike ripoti ya kijito chako. Mwenzangu ni mpimaji asiyekujua. Magamba anayo yeye. Yalikuwa yameng'ang'ania jiwe kwa kucha zake, namna ambayo mkono wa mtu hauwezi kuyabandika. Kwenye jiwe moja, kereng'ende mmoja alikuwa bado anatoka gambani, mabawa yamekunjamana. Tulimsubiri hadi akaruka. Alitua kivulini, kwenye jiwe lililolowa.

Ripoti imesainiwa na mwenzangu. Mimi nimeandika wazi kwamba wewe ni shangazi yangu, na kwamba picha ya boga isihesabiwe. Watu wa machimbo wameagizwa wang'oe vigingi vyao.

Jumamosi nakuja. Nitabisha hodi. Ile chupa naomba niikute ina asali.

Mwanao