Kanda ya Mama Mkubwa Goretti na Salamu Zako

Dixon Road, ghorofa ya kumi na moja,
Toronto, Kanada.
4 Novemba 2012

Mpendwa kaka Januari,

Shikamoo. Hujambo wewe, na shemeji Brightness hajambo? Mtoto ameanza kutambaa? Senene wameanguka mwaka huu? Sisi huku wazima wa mwili. Baridi imeshaingia, midomo inapasuka, lakini tunakula na tunalala. Salamu zangu zinaishia hapo kaka, usinione sina adabu. Ukisoma mbele utaelewa kwa nini siku hizi naziogopa salamu ndefu.

Naandika kwenye karatasi kwa sababu simu yangu hupokei. Tangu nikutumie ujumbe kwamba kanda ina matatizo, umekuwa mtu wa kutopatikana. Sawa. Barua haina kitufe cha kukata.

Kwanza nijisifu kidogo, maana nani mwingine atanisifu. Yule Clinton uliyekuwa ukimpiga makonzi kwa ajili ya jedwali la saba, yule aliyeacha shule huku darasa la kumi na moja mkakaa kikao Muleba kumlilia kama maiti, ndiye leo mtunza mafaili wa nyumba ya kumbukumbu ya jumuiya, Scarborough. Mabasi mawili na treni kufika, lakini nikifika nina kiti changu na kompyuta mbili. Wewe una ubao na chaki.

Kazi yenyewe nikueleze polepole, mwalimu. Watu wanaleta kanda na picha za wazee wao, mimi naziingiza kwenye kompyuta. Kila kanda inatoa faili moja kubwa ambalo haliguswi na mtu, na jingine dogo la kusikiliza. Lile kubwa mfumo unalipatia namba ndefu, kama alama ya kidole, halafu unaliweka sehemu tatu, moja iko mji mwingine kabisa, hata hapa pakiungua. Kila Jumapili, wewe ukiwa kanisani unasinzia, mfumo unapita faili moja moja kukagua alama hizo. Ikibadilika hata nukta, unapiga kelele. Kufuta hakuna. Hata mimi siwezi, na nimejaribu.

Bosi wangu ni mama Nazlin, Mhindi wa Bukoba aliyeondoka huko akiwa msichana. Kiswahili chake bado kinanukia kahawa mbichi. Ananipenda kwa sababu sikosei majina ya mafaili.

Sasa kanda. Historia yake unaijua, lakini nitakuandikia, uone inavyosomeka ikiwa kwenye karatasi.

Mwaka 2001 mama mkubwa Goretti amelazwa, hawezi kushika kalamu, anaomba redio ya kurekodia, padre akamletea. Mama yangu yuko Dar, ameitwa mara tatu, hakwenda. Kwa nini hakwenda ni yake na Mungu wake. Mama mkubwa akaongea kwenye kanda, kwanza na mdogo wake Domina, ndiye mama yangu, kisha na ninyi watoto. Akafa. Mama akafika siku ya tatu, mmeshazika. Wewe, kijana wa miaka kumi na mitano, ukaisikiliza kanda mara moja, ukaifunga kwenye kitambaa. Miaka kumi na moja mama anakuuliza kwenye simu dada yake alimwambia nini, alimsamehe au hakumsamehe, na miaka kumi na moja unamjibu atasikia mwenyewe, maneno ya marehemu hayapitii mdomo wa mtu mwingine. Jibu zuri hilo. La msomi.

Mwezi wa tisa Bernard, uliyempa kanda alipokuja huko likizo, akaileta. Mama akaomba ruhusa kazini, akavaa kitenge cha kanisani, tukapanda naye mabasi mpaka Scarborough. Kwa heshima sikuisikiliza mimi kwanza. Nikamvalisha vile vya masikioni, mimi nikavaa vingine, nikabonyeza.

Tukakusikia wewe.

Dakika sita na sekunde kumi, Januari. Unamwamkia mama mdogo, unamwamkia baba, unaulizia baridi, unasimulia mvua, unatoa salamu za parokia nzima, unatangaza kwamba umekuwa mwalimu wa taaluma. Jogoo anawika nyuma yako. Mama anatabasamu, ananionyesha kidole, kwamba subiri, mtoto ana adabu huyu, dada anakuja.

Mimi nilishaanza kutoka jasho. Niliitoa kanda nikaitazama. Pale juu, padre alipovunja kile kipande cha plastiki makusudi ili mtu asije akarekodi tena, umepaziba kwa karatasi ya daftari, umeikunja safi kabisa. Ilikupa kazi, naona. Mashine ilikukatalia, ukaishinda kwa akili.

Najua ulivyofikiri. Kitu hakipelekwi kwa wakubwa kikavu, lazima kitangulizwe na salamu. Ukadhani salamu zako zitakaa mbele na mama yako atasogea nyuma, kama watu wanavyosogeana kwenye benchi la kanisa. Kanda haisogei, kaka. Ulimkalia.

Baada yako kuna mkwaruzo, halafu mama mkubwa anavuta pumzi na kusema, "Basi. Hayo ndiyo niliyotaka Domina ayajue. Sasa niitieni wanangu."

Ndicho kilichobaki cha mama. Sentensi ya kumfungia mlango.

Hakulia. Aliniambia rudisha. Nikarudisha mara kumi na nne, nimehesabu. Alikuwa anaitafuta sauti ya dada yake kwenye ile "basi," kama ilikuwa ya hasira au ya upendo. Neno lenyewe dogo mno, halina pa kushika.

Jioni nilitaka nizikate salamu zako, angalau kanda ianzie kwa mama mkubwa. Mfumo ukakataa na ukaandika jina langu kwamba nimejaribu. Mama Nazlin akaniita. Alisema hapa hatutunzi tunachokipenda, tunatunza kilichotufikia. Basi jogoo wako anatunzwa sehemu tatu. Na maelezo ya faili nimeyaandika mimi kwa mkono huu usio na cheti: sifuri hadi sita na kumi, Januari, mtoto wa marehemu, anasalimia juu ya sauti ya mama yake. Miaka mia ijayo watakusoma. Hongera.

Kuna dakika tisa zimepona. Ni za watoto, na karibu zote ni zako, kwa jina. Nimezisikia. Ni nzuri kuliko unavyostahili, na sikudokezei hata neno moja.

Faili la kusikiliza lingeshakufikia, ila kwenye ile fomu uliyoijaza ukaituma pamoja na kanda, penye mstari wa mwenye kutoa ruhusa, uliandika jina la mama yangu, kwa mwandiko wako wa ubaoni. Heshima tena. Mama Nazlin akamuuliza kama afungulie familia. Mama alikuwa anafunga vifungo vya koti, akajibu bila kuinua kichwa:

"Siku Januari atakaponiambia dada alisema nini juu yangu, nami nitamfungulia alichoambiwa yeye. Na asitunge. Mimi na Goretti tumelala kitanda kimoja miaka kumi na miwili, namjua anavyosema."

Nimeingiza hivyo hivyo kwenye mfumo: imefungwa mpaka Domina aamue. Kwa hiyo kaa chini, mwalimu, ukumbuke. Ulisikia mara moja tu, lakini si wewe uliyekuwa ukishika kila kitu mara moja? Na usikawie. Presha ya mama imepanda tangu siku ile, daktari amemwongezea vidonge. Akiondoka kabla hujakumbuka, faili litabaki limefungwa, na mfumo wetu haumuulizi mtu ni mtoto wa nani.

Nisalimie shemeji Brightness na baba mdogo Ombeni, mwambie jezi yake nimeinunua. Mbusu mtoto kwa niaba yangu. Mungu awalinde nyumbani, na akurudishie japo kwa usiku mmoja masikio yako ya miaka kumi na mitano.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata hivi,

Clinton