Kitabu cha Mawingu na Maharage ya Mama Debora

Kalenga, Jumapili alasiri, mwisho wa Mei 1977

Baridi. Ukungu haujaondoka vizuri tangu asubuhi, na kanisani watu wameimba huku wamejikunyata. Nimerudi, nimefunga mlango, na sitaki mtu apige hodi.

Nina aibu. Naliandika neno hilo kwanza ili nisilizunguke.

Mwezi uliopita nilikwenda Mbeya kwenye semina ya walimu. Mwalimu mmoja aliyekuwa anastaafu akatugawia vitabu vyake, nami nikachukua kimoja cha kutambua mawingu, kwa sababu ya picha tu. Mawingu kama manyoya ya kuku, mengine kama magamba ya samaki, mengine marundo ya pamba. Chini ya kila picha kuna maelezo ya Kiingereza kwa herufi ndogo.

Niliporudi nikawa natembea nacho. Watoto wa darasa la tano walikipenda, kisha wazazi wao wakaanza kuniuliza hali ya hewa. Mara mbili nilisema mvua itanyesha, ikanyesha. Wakaanza kuniita mwalimu wa mawingu.

Nililipenda jina hilo kuliko inavyofaa.

Jumamosi ya wiki iliyopita, asubuhi, alikuja Mama Debora. Ni mjane, jirani yangu, na ndiye aliyenipokea nilipohamia hapa kutoka Tukuyu bila kujua hata salamu ya Kihehe. Maharage yake yote alikuwa ameyang'oa na kuyarundika barazani. Yeye na bintiye walikuwa wanakwenda msibani kijiji cha pili, kushinda huko hadi jioni. Akaniuliza kama anaweza kuyaacha uwanjani yakauke.

Nikafungua kitabu. Juu kulikuwa na marundo meupe ya pamba, na kitabuni yapo ya namna mbili: madogo yaliyokaa chini, na yanayorefuka kwenda juu. Ya siku ile yalikuwa yameshaanza kurefuka. Niliona. Lakini majirani wengine wawili walikuwa wamesimama pale wakinisubiri, na kusoma maelezo kungenilazimu kwenda ndani kuchukua kamusi. Nikaona haya, mwalimu mzima, kutafuta maneno mbele yao.

Nikasema, "Anika tu, mama. Leo hakuna mvua."

Saa tisa mvua ikashuka, na ngurumo juu. Nilikimbia na karai, nikaokoa kidogo, mengine yakaelea kwenye maji ya uwanja. Wiki nzima jua halikutoka. Kufika Jumatano yalikuwa na madoa meusi na yameanza kuota. Chakula chao cha miezi kadhaa, na mbegu ya msimu ujao.

Jioni ya mvua ndipo nilipochukua kamusi. Maelezo yale ni sentensi mbili tu. Yanasema wingu la namna hiyo likirefuka kabla ya adhuhuri, tegemea mvua ya ngurumo alasiri.

Ningeishia hapo, ningesema nilikosea. Kila mtu hukosea.

Alhamisi nilikuwa kwenye foleni bombani. Mwanamke mmoja akaniuliza imekuwaje kitabu kikadanganya. Nikajibu kwamba kitabu hakikudanganya, kwamba mimi nilimwambia Mama Debora asubiri, labda hakunisikia vizuri. Maneno yalitoka laini kabisa. Nilipogeuka, Mama Debora alikuwa nyuma yangu na ndoo yake.

Wote wakamtazama. Akaitua ndoo polepole, akasema, "Inawezekana. Masikio yangu siku hizi si mazuri."

Nikachota maji yangu nikaondoka.

Siku tatu sikulala vizuri. Leo ibada ilipokwisha, akina mama wakiwa bado wanasalimiana nje, nilikwenda nikasimama katikati yao. Nikawaambia kwamba Mama Debora alisikia sawasawa, kwamba mimi ndiye niliyemwambia aanike, kwamba maelezo ya kitabu sikuyasoma, na bombani nilisema uongo. Mmoja alitazama viatu vyangu.

Nikamwambia Mama Debora kwamba maharage ya shamba langu dogo la shuleni ni yake, achague kwanza ya mbegu. Nilitegemea akatae. Alikubali, akasema atamtuma Debora na gunia. Nikashukuru kwamba hakujifanya hahitaji.

Tukaongozana kurudi nyumbani. Njiani nilimuuliza kwa nini alinifichia aibu yangu pale bombani.

"Hata mimi nilikuwa na aibu yangu," akasema. "Asubuhi ile niliona mvua inakuja, mwanangu. Nimeiona ikija hivyo tangu utoto wangu. Nikaacha nilichokijua kwa sababu wewe umesoma."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Maharage nitamlipa, gunia kwa gunia. Lakini kesho asubuhi atatoka nje, atainua macho juu, ataona anachokiona. Je, atayaamini macho yake, au atatazama kwanza upande wa mlango wangu?