Mahindi ya Pinki

Rahel nimekupigia mara nne hupokei, najua uko zamu wodini. Soma hii haraka.

Ile poka yetu ya karata nimeiandaa kwangu leo mchana, hapa Nangwa. Walimu wanne tu. Hatukuwa na vitu vya kuwekea dau, nikachota mahindi stoo kwa mwenye nyumba wangu, Mama Agatha. Meupe dau dogo, ya pinki dau kubwa. Nikajisifu kabisa, jamani ona yanavyopendeza!

Sasa hivi Mama Agatha kaingia kutusalimia. Nikamwambia shikamoo, hakuitikia. HAKUITIKIA Rahel, mama yule! Anatazama meza tu.

"Mwalimu, hiyo si mbegu yangu ya kupanda? Hiyo ina dawa. Hata kuku hatuwapi."

Ina dawa. Mimi niliyekulia Tanga mjini ningejulia wapi kwamba ile rangi ni sumu?

Na pembeni niliweka bakuli la bisi. Unamjua Mwalimu Wolfgang, akipata karata nzuri haangalii mkono unachota wapi, anatafuna tu. Nilimsikia akitafuna. Nikacheka, nikamwambia utavunja meno.

Bisi hazilii vile, Rahel.

Ya pinki yalikuwa arobaini. Nimetafuta mpaka chini ya kochi, yapo thelathini na moja.

Na yeye kaondoka nusu saa iliyopita na pikipiki, peke yake, anaenda kwao Hirbadaw. Nampigia. Simu inaita hapa hapa kwenye kochi langu.