Wageni Waliomuulizia Rasta

Mkuyuni, Jumanne

Kaka Fidelis,

Shikamoo. Sisi wazima, na mguu wa mama umepona. Ndizi zimekubali mwaka huu.

Ile rege yako inayomsema tajiri aliyezungushia uzio chemchemi yetu inapigwa sokoni kutwa. Jumamosi vijana waliung'oa uzio huku wakiiimba. Nilifurahi siku moja tu.

Jana walikuja wanaume wawili nisiowajua. "Tunamtafuta yule rasta aliyeimba," walisema. Nikajibu simjui. Mama akatoka ndani akicheka: "Ni mwanangu huyo!" Miaka yote alizionea haya rasta zako, kaka; jana ndiyo nimemsikia akijivunia. Akawaonyesha picha yako, akawaelekeza mpaka chumba chako cha Mwembesongo. Waliandika kila kitu, wakaondoka bila kuaga.

Simu yako haipatikani, kwa hiyo nampa barua hii jirani yetu Esther, anateremka mjini na mboga sasa hivi. Ukishaisoma, ondoka hapo. Usingoje hata kufungasha gitaa.

Mama sijamwambia. Bado anawasimulia majirani kwamba mwanawe ana mashabiki.

Mdogo wako anayekuombea,
Scholastika