Ile nusu ingine ya mwezi

Furaha mujukuu wangu,

Huku Bagira tuko wazima, ni goti ya bibi yako tu inasumbua.

Unaandika kwamba profesa wako anasema wazee hatukujua mwezi. Anadanganya, umwambie. Wakati wa vita, kule kisanga ya Idjwi, katikati ya ziwa, kila siku niliandika na makala ya jiko ku mulango saa mwezi inatoka na saa inazama. Kisanga muzima, hakuna mutu alinishinda.

Shemeji yangu, mwalimu, alitaka kuvuka na mutumbwi mu giza, waaskari wasimuone. Akaangalia kalenda ya paruasi, ile ya kanisa. "Mwezi iko nusu, sawa ile mara ingine nilivuka. Basi saa sita ya usiku iko giza."

Nikamwambia: "Ile nusu ilizama saa sita. Hii, saa sita ndio inatoka."

Akacheka. "Shemeji, wewe ulisomea wapi?"

Nikakasirika, nikaenda zangu kulala. Mwezi ikatoka, wakamuona. Hakufika.

Mupaka leo niko na hasira juu ya kile kicheko. Lakini wakati alicheka, kule kando ya maji, kamba ya mutumbwi ilikuwa karibu na muguu yangu, na sikuikamata.

Profesa akikucheka, usiende kulala.

Babu yako