Ukuta wa Kidato cha Pili

Jumatatu, 6 Juni 1977

Baridi ya Wamagana itaniua kabla ya wanafunzi kuniua. Leo somo lilikuwa tetemeko la ardhi. Nilibeba ugali uliolala, nikaukata katikati, nikazisukuma zile nusu mbili juu ya ubao mpaka zikapandana. Hii bamba moja la ardhi, hii bamba lingine, hapa katikati ndipo ardhi inapovunjika. Kicheko! Theuri, yule mrefu asiyejua kunyamaza, akasema ati Wajaluo wanaweza kufundisha kila kitu na ugali. Nikacheka pia.

Halafu Warigia akauliza kama hiyo kitu iko Japani peke yake, ama hata hapa. Nikawaonyesha dirishani: nyuma ya milima ya Nyandarua kuna Bonde la Ufa, na halikuchimbwa na mtu kwa jembe. Wakasimama wote kuangalia. Nikafurahi, mjinga mimi.

Jumatano, 8 Juni

Mungu wangu, imetikisika!

Tulikuwa tunakunywa chai ya saa nne. Vikombe vikaanza kugongana kwenye sinia. Nikadhani ni lori la mbao – lori wapi! Ikanyamaza. Watoto walikuwa nje, hakuna aliyeumia.

Lakini darasa jipya la Kidato cha Pili limepasuka, kutoka pembe ya dirisha mpaka chini ya mabati. Nikaingiza kidole. Kikaingia chote. Kilichotoka ni udongo mwekundu, mkavu, unamwagika kama unga. Simiti naijua. Hiyo si simiti.

Watoto wanasema Madam ndiye aliyeiita. Wengine wanacheka. Wengine hawacheki.

Ijumaa, 10 Juni

Jana nilimwendea hedimasta, Bwana Mathenge. Nikamweleza kwamba tetemeko moja huweza kufuatwa na lingine. Akanisikiza vizuri, akanyoosha tai. Akaniuliza kama najua mawe ya darasa lile yalitoka wapi. Mtoni! Mama za hawa watoto waliyapandisha kwa mgongo, kamba kwenye paji la uso, harambee ya miaka miwili. Na wewe Mwalimu Apondi, mgeni wetu, utawaambia kazi yao ni mbaya? Wiki ijayo tunalifungua rasmi, wageni wamealikwa.

Leo fundi amepiga plasta na chokaa. Ukuta unang'aa! Mimi nimefundishia nyasini, watoto makamasi yanawatoka, hedimasta ananitazama toka dirishani kwake. Naogopa ukuta. Naogopa na yule mtu. Mama yangu kule Ugenya anakula kwa kazi hii.

Jumamosi, 11 Juni

Wakonyo amekuja. Mama yake Warigia – na ndiye aliyeongoza wamama kubeba mawe. Nilimwona langoni. Nikajua nimeletewa matusi yangu.

Kumbe ameniletea nduma za kuchemsha kwenye kiondo. Akakaa, chai hakuigusa. Akaanza pole pole, macho kwenye kiondo.

"Mwalimu, simiti iliisha tukiwa kwa madirisha. Na wale wa ng'ambo ya mto walikuwa wamemaliza shule yao, wanatucheka kila Jumapili kanisani. Kati ya mawe tukaweka udongo. Juu yake tukapaka simiti kidogo, ionekane. Tukakubaliana hakuna mtu atasema."

"Hedimasta anajua?"

"Hajui. Alikuwa bado hajaletwa hapa."

Nikamshika mkono. Twende pamoja, mama, umwambie vile umeniambia. Akautoa mkono.

"Siwezi. Hao wamama wengine nitawaangalia na macho gani?"

"Sasa umekuja kwa nini?"

"Warigia. Usimwache akae huko ndani."

Warigia peke yake! Watoto wa wenzake je? Nilitaka kupiga kelele. Akanisihi nisitaje jina lake, nikaapa, akaenda. Nduma sijazila.

Jumapili, 12 Juni

Ibadani, benchi limetikisika chini yangu. Kidogo tu. Niliangalia huku na huku – watu wanaimba. Ama ni mimi? Sijui tena. Miguu yangu siiamini.

Jumatatu, 13 Juni

Asubuhi hedimasta ameniambia: ufundishe ndani, ama ufunge sanduku, kuna walimu wengi wanatafuta kazi. Nikamwambia mle ukutani kuna udongo mtupu. Akauliza nani amekuambia. Nikanyamaza! Nilikuwa nimemwapia Wakonyo. Basi, akasema, ingia darasani.

Nimeingia. Nimewapa mtihani ili nisiongee, sauti yangu haiko sawa. Naandika hapa hapa, wanadhani nasahihisha madaftari. Mathenge anatembea barazani, viatu vyake navisikia, vinaenda, vinarudi. Kwenye plasta mpya kuna mstari mwembamba kama unywele. Ijumaa haukuwako.

Warigia hakuja. Nafasi yake iko wazi pale chini ya dirisha, na mwenzake amejisogeza akaikalia nusu. Anaandika kwa raha, ameegemeza bega ukutani.

Neno ni moja tu: tokeni. Liko mdomoni. Nikilitoa, kesho niko njiani kwenda Ugenya. Nikilimeza –

Theuri ameinua mkono. Nilidhani ni swali la mtihani.

"Madam, mbona leo umeweka kiti yako kwa mlango?"

Vichwa vyote vimeinuka. Kalamu zimesimama. Wananitazama mimi, kisha wanatazama kiti, na sasa mmoja mmoja wanageuka kuangalia ukuta.